Besi la Nyuzi Tatu la Mwalimu Wambura

Nyasho, Musoma
Alhamisi jioni

Nyangi, mama yangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya na umesema utarudi saa mbili. Nimefunga mlango wa karakana. Nimemwambia mama yako asiniite hata kama mteja amekuja na mbao zake begani. Nimekaa kwenye benchi la kazi, maranda yote nimeyasukumia pembeni, na kalamu yenyewe ni hii ya kuchorea mbao, kwa hiyo mwandiko utauona ulivyo. Ukishindwa kusoma mahali, rudia. Usimpe mjomba wako akusomee.

Mambo ya safari sitayagusa. Maji, namba za simu, nani atakupokea Dar, usile hovyo njiani, hayo mama yako ameyasema mara nne na kesho atayasema ya tano ukiwa umeshapanda gari. Mimi nina jambo moja tu. Kesho asubuhi, kabla hajakufikisha Bunda kupanda basi, mjomba wako Masatu atakupitisha Butiama kwa Mama Mwalimu, ukalipie lile besi la marehemu mume wake, Mwalimu Wambura, na kulipakia. Nakuomba usitoe hela mfukoni kabla hujaimaliza barua hii.

Nilitaka kukuambia kwa mdomo. Jumapili nilikufuata kisimani nikaishia kukuuliza kama ndoo inavuja. Jumanne nilikuita hapa karakana, ukaja, ukasimama mlangoni, nikakutuma misumari. Jana nilikaa nawe mezani mpaka chai ikapoa, ukaniuliza, "Baba, unaumwa?" Nikasema ni vumbi la mbao. Mtu mzima wa umri wangu anasingizia vumbi.

Turudi Jumamosi tulipokwenda Butiama pamoja. Mama Mwalimu alitupeleka chumba cha ndani akakiondoa kile kitenge cha kufunikia. Besi lilikuwa limesimama kwenye kona, refu kukupita, limekauka rangi, mabega yake yamechubuka. Ulinyamaza. Nakujua, kitu ukikipenda unanyamaza. Ukahesabu nyuzi kwa kidole, moja, mbili, tatu. Ukaangalia kichwani ukakuta funguo za kukazia nyuzi nazo ni tatu. Wewe umekua na gitaa la besi la kanisani lenye nyuzi nne, na hapo nilidhani utarudi nyuma. Kumbe mwalimu wako wa muziki wa Dar alikuwa ameshakuambia kwenye simu kwamba zamani huko Ulaya walitengeneza ya nyuzi tatu, kwamba sasa hayaonekani ovyo, kwamba vidole vyako vitalazimika kujifunza upya, na kwamba yote hayo yanavumilika. Kilichomtia wasiwasi ni uso. Kama ubao wa mbele ni mzima, alisema, nunua. Kama umepasuka chini ya nyuzi, achana nalo, au ununue huku unajua unanunua nini.

Kisha ukaigusa ile alama ya duara kichwani, kubwa kama shilingi, yenye rangi tofauti kidogo. Ukauliza palikuwa na nini. Mama Mwalimu akacheka.

"Muulize huyo baba yako. Mzee alikuwaga anamsimulia kila mgeni. Alimpelekea aongeze uzi wa nne, baba yako akatoboa, akasita, akapaziba. Akamwambia Mwalimu, hili limejengwa kwa tatu, nikiongeza nitaliua. Na hela akakataa. Wewe unafikiri mimi ningemuuzia nani mwingine hili besi? Watu wamekuja hapa na magari, nimewarudisha."

Hadithi hiyo umeikuta nyumbani kama ulivyokikuta kitanda. Uliisimulia shuleni ulipoambiwa ueleze kazi ya mzazi wako. Na pale kwa Mama Mwalimu nilikuona ulivyoniangalia, mwanangu, ukiwa umejaa fahari, mimi nikatafuta pa kuficha mikono. Ndipo ukaniuliza, "Baba, wewe ndiye fundi. Uso wake uko sawa?"

Nikagonga ubao mara tatu kwa kifundo cha kidole. Nikainamisha sikio. Nikasema, "Linalia vizuri."

Hukuniuliza linalia vipi. Uliniuliza uso.

Uso umepasuka, Nyangi. Ufa unaanzia karibu na tundu la kutolea sauti, lile la upande wa nyuzi nene unapita chini ya kile kibao kinachobeba nyuzi, shibiri mbili na kidogo. Huuoni kwa sababu umezibwa kwa unga wa mbao na gundi, ukapakwa vanishi ya rangi ileile, ukasuguliwa kwa kitambaa mpaka ukapotea. Aliyeuziba alikuwa na mkono mzuri. Ni mimi, na ni mimi pia niliyeupasua.

Wakati huo nilikuwa sijamwoa mama yako. Nilikuwa na karakana ya mabati pale Kiabakari, miaka mitatu tangu nimalize kujifunza kwa mafundi wa misheni. Nilikuwa natengeneza milango, vitanda, majeneza, na niliamini hakuna mbao inayoweza kunishinda. Mwalimu Wambura alikuwa akifundisha kwaya Butiama. Besi hilo alikuwa ameachiwa na padri mzee wa Kizungu aliyekuwa anarudi kwao kufia huko, na padri mwenyewe alilirithi kwa mtu mwingine mzee. Mwalimu alikwenda nalo Bunda kwenye mashindano ya kwaya, na kwaya zenye vyombo vya nyuzi nne zikamcheka. Unawajua watu wetu. Mtu mmoja alisema, "Mwalimu, besi lako ni ng'ombe wa chuchu tatu," na uwanja mzima ukaliona besi hilo kuwa na kilema. Alirudi amenyong'onyea. Wiki iliyofuata akalileta kwangu juu ya tela la trekta.

"Fundi Manyama, niongezee uzi mmoja," akasema. "Nimechoka kuchekwa."

Nilikuwa sijawahi kufungua hata gitaa. Nilipaswa kusema neno moja, sijui. Ni neno fupi, mtoto wa darasa la kwanza analiweza. Lakini karakanani walikuwamo vijana wawili wenzangu wakisikiliza, na Mwalimu alikuwa mtu wa heshima aliyesafiri kuja kwangu, si kwa fundi wa Musoma. Nikasema, "Njoo Ijumaa."

Nilitoboa tundu la nne kichwani. Nikachonga ufunguo wa mpingo, mzuri kweli, mpaka leo naukumbuka ulivyokaa mkononi. Nikapata nyuzi nne za chuma, ngumu, za aina ambayo besi lile halijawahi kuvaa. Alhamisi mchana nikiwa peke yangu nikaanza kuzikaza. Wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Wa tatu, nikasikia mbao inalalamika kidogo, nikajiambia inazoea. Mtu anayejua kazi angeacha hapo. Mimi nikakaza wa nne, na uso ukatoa sauti, si kubwa, kama ukuni mkavu unapovunjwa kwa goti. Nikalegeza nyuzi zote haraka. Nikakaa chini kwenye maranda, mgongo kwenye mguu wa meza, na kitu cha kwanza nilichotafuta kilikuwa uongo, mama. Sitaki kukuficha hilo.

Ijumaa Mwalimu alipokuja nilimwambia gundi haijakauka. Jumatatu tena nikamwambia gundi haijakauka. Katika siku hizo niliubandua uso kwa kisu chembamba na maji ya moto, nikaunganisha ufa kwa gundi yangu ya milango, nikabandika ndani vipande sita vya mvule kuukamata, nikaufunga tena. Tundu la kichwani nikaliziba. Na kwa sababu kule misheni tulilazimishwa kuandika jina kwa penseli mahali mteja hawezi kuona, ili kazi ikiharibika ajulikane wa kuchapwa, mkono wangu ukaandika kwa mazoea kwenye kipande cha tatu. Jina langu limo humo ndani ya besi mpaka leo.

Alipokuja mara ya tatu nilikuwa nimeshapanga maneno. Nikamwambia, "Mwalimu, hili limejengwa kwa nyuzi tatu. Uso wake ni mwembamba. Nikiweka wa nne litapasuka. Nimetoboa nikasita, nimekurudishia kama lilivyokuwa." Kila neno kuhusu ule ubao lilikuwa kweli. Nilijua kwa sababu besi lilikuwa limeshapasuka mikononi mwangu. Akatoa hela, nikazikataa, kwa kuwa angalau hilo nililionea aibu. Na huko kukataa ndiko kulikonimaliza. Jumapili yake alisimama kanisani wakati wa matangazo akawaambia watu kwamba Kiabakari yuko fundi kijana anayejua kukataa kazi, na anakataa na hela. Kufikia Pasaka nilikuwa na oda ya mabenchi ya kanisa zima. Mabenchi yakaleta milango ya zahanati, milango ikaleta madawati, madawati yakanileta Musoma, na humu Nyasho ndimo ulimozaliwa. Mbao zako za kwanza za kuchezea zilitoka kwenye kazi hizo. Ndiyo maana hadithi ile ilinikwama. Ningeivuta, nyumba yote ingetoka nayo.

Sasa ngoja nikuambie lililo baya zaidi. Ufa nimeishi nao. Hili linanitesa mpaka kesho.

Gundi ya milango haipendi joto na baridi ya kupishana. Miaka ilivyokwenda, vipande viwili vya ndani nadhani vililegea, na Mwalimu akivuta upinde kwa nguvu kwenye uzi mnene, besi likawa linatoa mkwaruzo, kitu kama nyuki ndani ya debe. Nilikwenda kumwona mara moja, wewe ulikuwa tumboni mwa mama yako. Akanipigia. Mkwaruzo nikausikia kabla yake. Akaacha kupiga, akautazama mkono wake wa kulia, akaukunja na kuukunjua.

"Mkono umechoka, fundi," akaniambia. "Siku hizi siwezi tena kuushika upinde sawasawa. Besi halina kosa."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai ya mke wake. Ilikuwa nafasi yangu, imeletwa mpaka mdomoni kama kijiko. Nikasema, "Pumzika kidogo, Mwalimu, utarudi tu." Nikamaliza chai.

Mwaka ule akaacha kupiga. Akalifunika kwa kitenge akalisimamisha kwenye ile kona, akabaki kuongoza kwaya kwa fimbo tu, na alipoulizwa alisema uzee. Hakuwa mzee, Nyangi. Alikuwa na umri kama wangu wa sasa, na mimi bado napiga randa kutwa. Tulimzika miaka kumi na mmoja baadaye, jeneza nilitengeneza mimi, na hata hapo sikusema. Mkewe anaamini hivyo mpaka leo. Uliona Jumamosi alivyosema, "Mikono ilimkatalia"? Alisema akiniangalia mimi, kama shahidi wake.

Babu yako, baba yangu, alifuga ng'ombe na kuuza mnadani Bunda, na alikuwa mkali kama upupu. Kuna mwaka aliuza ng'ombe wa maziwa aliyekufa titi moja. Mtu kutoka Nata alimpenda yule ng'ombe kwa macho, akawa anahesabu hela bila hata kuinama kumkagua. Mimi nilikuwa nimeshika kamba, nikafurahi moyoni kwamba hajaona. Baba akamwambia asubiri. Akamshika yule mtu kiganja, akakiinamisha chini ya ng'ombe, akakiweka palepale kwenye titi lililokufa, akakibana hapo. "Umesikia?" Yule mtu akasema amesikia. "Haya, sasa nunua au acha." Akanunua, kwa bei pungufu, na baba akavua kamba akabaki nayo, kama inavyotakiwa, maana ng'ombe anauzwa ila kamba ya zizi haiuzwi. Njiani nikamuuliza kwa nini haikutosha kumwambia tu kwa mdomo. Akasema, "Mdomo unazunguka. Mkono ukishafika hapo, umefika."

Nilikuwa na somo hilo tangu nikiwa na miaka tisa. Halikunisaidia kitu Kiabakari. Kwa hiyo sikuandikii ili uwe mwema kuliko mimi. Sijui kama watu hupata wema kwa kuandikiwa. Nakuandikia kwa sababu kesho ungelipa akiba yako yote ya kupiga kwenye harusi za watu, kwa kuamini kidole changu kilichogonga ubao mara tatu. Na ungelifikisha Dar, mwalimu wako angeingiza kioo ndani, angesoma jina la baba yako kwa penseli. Nimeiwaza sura yako wakati huo. Tangu Jumamosi sijala vizuri kwa ajili ya hiyo sura.

Mama yako nimemwambia jana, baada ya wewe kuondoka mezani. Nikadhani atanihurumia. Akasema, "Mtoto akitoa hela kabla hujafungua mdomo, kuanzia kesho utapikiwa na hilo besi." Kisha akaniuliza kama ule uso unaweza kutengenezeka. Hilo nimelifikiria pia, na nakujibu wewe kama nilivyomjibu yeye: sijui. Nimelisema neno hilo, angalau mara moja kabla sijafa. Gundi yangu italazimika kuyeyushwa yote, vipande vyangu vitolewe, na ufa uunganishwe upya na mtu anayejua vyombo, si milango. Huko Dar huenda yupo. Huenda pia atasema mbao imechoka. Nyuzi zibaki tatu, hilo ninalijua kwa hakika, na ziwe laini kama zile za zamani. Yeyote atakayekuambia uongeze wa nne, hata akiwa profesa, mkimbie.

Sikuambii ununue wala sikuambii uache. Nilikuona ulivyonyamaza mbele yake, na mimi ninajua mtu anapokipenda kitu chenye kasoro. Mama yako ameishi nami miaka ishirini na mitano. Ila uamuzi uwe wako, macho yakiwa wazi, na bei iwe ya kitu chenye ufa. Mama Mwalimu naye anastahili kujua anauza nini. Hiyo ni mali ya mume wake na yeye ndiye atakayepata pungufu, na upungufu huo ni wangu kuuziba. Nimeshamwambia mama yako, naye amekubali, zile mbao za mninga nilizokuwa naziweka kwa ajili ya paa letu zinakwenda Butiama.

Juu ya begi lako nimeweka kioo kidogo cha kunyolea na tochi. Kioo unakiingiza kwenye tundu la upande wa nyuzi nene, unakiinamisha juu, unamulika. Vipande sita. Kwenye cha tatu utaona jina.

Nilipoanza barua hii nilikuwa nimekusudia ukaisome ukiwa njiani, mimi nikiwa hapa Nyasho napiga randa, nikisubiri simu. Nilipofika kwa babu yako na yule ng'ombe nikaona huko ni kuzunguka kwa mdomo tena, ila kwa karatasi. Kwa hiyo nitakuachia barua mezani uisome ukirudi, na alfajiri utanikuta nimeshakaa kwenye gari la mjomba wako, nyuma, kati ya mablanketi ya kufungia besi. Ukitaka kuninunia, ninunie hadi Butiama, nafasi ipo. Ila unisaidie jambo moja. Mimi ninajijua. Tukifika Kiabakari nitaanza kusema kiuno kinauma, au kuna mteja ananidai kabati pale njia panda. Mjomba wako asisimame.

Tukifika kwa Mama Mwalimu sitaanza na uso, wala tundu, wala gundi. Nitamshika kiganja nikiweke juu ya ufa, halafu nimwambie kwamba mkono wa mume wake haukuwa na kosa.

Nasikia geti. Umerudi mapema.

Baba yako,
Manyama